Nimemhamishia chatu wangu kizimba kikubwa, wiki ya sita hajala. Nimrudishe alikotoka?

#1 Kimya_Kimya
Wakuu, salaam. Nina chatu dume, Python regius, yule mfupi mnene anayejiviringa kama mpira akiogopa. Ana miaka mitatu, urefu sentimita 105, na siku niliyomhamisha alikuwa na gramu 1,240.

Alikuwa kwenye boksi la plastiki la sentimita 80 kwa 40, kimo 30. Usiku mmoja nikamkuta amejinyoosha hadi pua imegota kona hii na mkia umepinda kwenye kona ile. Roho iliniuma. Nikamtengenezea kizimba cha mbao, urefu 120, upana 60, kimo 60. Milango ya kioo mbele, nyuzi za nazi chini, bakuli la maji la kumtosha kuingia mzima, tawi la kupanda na pango la gome.

Kwenye boksi alikuwa anakula kila wiki bila kukosa. Tangu ahamie huku panya nimempelekea mara tano, mara tano amegeuza kichwa. Usiku anazunguka na kusugua pua kwenye kioo. Nilidhani nimempa raha, sasa naona kama nimempa adhabu. Nimrudishe kwenye boksi?

#2 Gamba_kwa_Gamba
Pole. Kabla hatujakushauri lolote: joto la upande wa moto ni ngapi, na umepimia wapi? Mapango ni mangapi? Macho yana ukungu wa kutaka kujivua? Na unamshika mara ngapi kwa wiki?

#3 Babu_Kobe
Mrudishe leo leo. Chatu wa aina hii porini analala kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali ambapo mgongo unagusa juu na mbavu zinagusa pembeni. Ukimweka kwenye uwanja wa mpira anahisi yuko wazi mbele ya kila adui. Mnyama aliyeogopa hali. Sisi wenyewe tunapenda vyumba vikubwa, basi tunadhani na nyoka ni hivyo hivyo.

#4 Mlezi_wa_Sita
Babu, kwa hili napingana nawe. Nimelea sita. Jike wangu mkubwa alitoka kwenye boksi dogo kuliko hilo akaenda kwenye kizimba kikubwa kuliko hicho, usiku wa tatu akakamata panya kama hakuna kilichobadilika. Kinachowatisha ni uwazi, ukubwa wenyewe hauna kosa. Kizimba kikubwa kilichojaa majani, magome na mapango kinampa maficho mengi kuliko boksi lolote.

Na hili la kwamba wanaishi shimoni tu si kweli. Watafiti waliochunguza chakula cha chatu hawa kusini mwa Nigeria walikuta madume wakila ndege kwa wingi, na majike wakila zaidi wanyama wa jamii ya panya. Huyo ndege hakufuatwa chini ya ardhi. Dume anapanda miti.

#5 Kimya_Kimya
@Gamba_kwa_Gamba kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 31. Pango ni moja, lipo upande wa baridi kwa sababu upande wa moto niliweka tawi. Amejivua wiki mbili kabla ya kuhama na gamba lilitoka zima hadi ncha ya mkia. Kumshika, siku tatu za kwanza nilimshika kila jioni ili asijione mpweke. Baada ya hapo mara moja moja.

#6 Gamba_kwa_Gamba
Hapo kwenye siku tatu za kwanza ndipo ninapoanzia. Nyoka haoni upweke kama mbwa. Kwake kushikwa kila jioni mahali asipopajua ni kunyakuliwa kila jioni. Akihamia mpya, muache siku saba hadi kumi. Badilisha maji, funga, ondoka. Hata picha ziache.

#7 Fundi_Joto
Mimi nauliza swali moja tu: chanzo cha joto umebadilisha, au ni kile kile cha kwenye boksi?

#8 Kimya_Kimya
Ni mkeka ule ule wa joto, nimeuweka chini ya sakafu ya mbao. Nikaongeza balbu ndogo juu, ina wavu wa chuma asije akaigusa akaungua.

#9 Fundi_Joto
Basi tupige hesabu. Boksi lako, 80 kwa 40 kwa 30, ni lita 96 za hewa. Kizimba ni lita 432. Mara nne na nusu. Halafu mkeka ule ule sasa umezibwa na mbao, na mbao hazipitishi joto kirahisi. Joto linajikusanya chini yake, na hilo peke yake ni hatari ya moto. Utoe hata kabla hujamaliza kusoma.

Pili, kipimajoto cha ukutani kinakwambia habari za ukuta. Wewe unataka habari za pale tumbo linapolala. Tafuta kile cha kupimia kwa mwanga, kielekeze sakafuni upande wa moto, utuletee namba. Panatakiwa pawe kati ya 31 na 33, upande wa baridi 24 hadi 26, na asikose mahali pa katikati pa kuchagua.

Nyoka hazalishi joto lake mwenyewe. Akila panya halafu tumbo likakosa joto, chakula kinaozea ndani. Kwa hiyo asipokula kwenye baridi hana kiburi, analinda uhai wake.

#10 Kimya_Kimya
Nimetoka kupima sasa hivi. Sakafuni upande wa moto ni nyuzi 27. Kipimajoto nilikibandika sentimita 40 juu, karibu kabisa na balbu. Wiki sita zote nilikuwa nasoma joto la balbu. Mkeka nimeshautoa. Asante sana Fundi, nimeumia lakini asante.

#11 Babu_Kobe
Mnaona sasa. Kwenye boksi dogo joto halikuwa na pa kukimbilia. Kizimba kikubwa kinadai vyombo vikubwa, macho makubwa, kila kitu kikubwa. Mimi wangu yuko kwenye boksi mwaka wa nane, anakula, anajivua vizuri, ananiangalia kwa amani.

#12 Mlezi_wa_Sita
Babu, hiyo "ananiangalia kwa amani" umeijuaje wakati nyoka hana hata kope za kufumba? 😄 Kwa heshima zote, kula na kujivua ni dalili kwamba hajafa. Hazitoshi kuonyesha kwamba anaishi vizuri. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha utafiti ambao nyoka walikaa kwenye vizimba vitupu na vizimba vyenye vitu vingi. Walipopewa nafasi ya kuchagua, wakapendelea vile vyenye vitu.

#13 Babu_Kobe
Utafiti huo niliusoma. Walikuwa nyoka wa mahindi wale, Pantherophis guttatus. Yule anatembea tembea hata mchana, ni mdadisi kwa asili. Usichukue tabia ya mbuzi ukamvika kondoo.

#14 Mlezi_wa_Sita
Hapo umenishika, ni nyoka wa mahindi kweli. Ila msimamo wangu uko pale pale.

#15 Mkunga_wa_Mayai
Wote mnazungumzia kizimba. Mimi nazungumzia dume. Miaka mitatu, gramu 1,240, huyo ni mtu mzima tayari. Madume wa aina hii msimu wa kupandana ukifika wanaacha kula hata kama hakuna jike nyumba nzima. Wanazunguka usiku, wanasugua pua, wanatafuta. Hizo ndizo dalili ulizoandika kwenye #1.

Nina dume aliyefunga miezi mitano akiwa kwenye kizimba kile kile, joto lile lile, panya wale wale. Siku moja akala kama vile jana yake alikula. Mimi naona kuhama kumeangukia msimu tu, basi kizimba kimebeba lawama isiyo yake.

Mpime uzito kila wiki, siku ile ile, mizani ile ile. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, muone daktari wa mifugo anayejua watambaao. Chini ya hapo, subira.

#16 Kimya_Kimya
Leo ana gramu 1,195.

#17 Mkunga_wa_Mayai
Amepoteza 45, haifiki hata sehemu moja ya ishirini. Lala usingizi.

#18 Nuru_ya_Jioni
Samahani niingilie, mimi mgeni kwenye mambo haya. Mleta uzi amesema nyoka alijinyoosha mwili mzima. Nilisikia nyoka akijinyoosha hivyo anampima mwenye nyumba urefu ili aje ammeze. Ni kweli?

#19 Gamba_kwa_Gamba
Karibu dada. Si kweli hata kidogo. Nyoka hapimi windo kwa kulala kando yake, windo lingekuwa limeshakimbia. Anavizia na kushambulia mara moja. Kujinyoosha ni haja ya mwili, kama wewe ukitoka kwenye safari ndefu ya basi. Ndiyo maana wengi tunasema urefu wa kizimba usipungue urefu wa nyoka. Na huyu anayezungumziwa hapa hata mkono wa mtoto hauwezi, mdomo wake ni wa panya.

#20 Nuru_ya_Jioni
Asante. Mume wangu ndiye aliyeniambia, nitampelekea jibu.

#21 Seremala_Mpole
Hakuna aliyeuliza mbao. Ni mbao gani, na umezipaka nini? Mierezi na misonobari mibichi ina mafuta yenye harufu kali inayoumiza njia ya hewa ya nyoka. Vanishi ikikauka juu bado inatoa mvuke kwa wiki kadhaa, hasa ukiipasha joto. Nyoka anaonja hewa kwa ulimi na kuipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilicho juu ya kaakaa. Harufu ambayo wewe umeshaizoea, kwake ni kelele. Hata panya umpe hamnusi vizuri.

#22 Kimya_Kimya
Mbao za tabaka, nimepaka vanishi ya maji mikono miwili. Niliacha ikauke siku nne ndipo nikamwingiza.

#23 Seremala_Mpole
Siku nne ni chache. Mimi huacha wiki mbili au tatu milango wazi, balbu inawaka, na sipangi tarehe ya kumhamisha mpaka nimeingiza kichwa ndani nikakosa harufu. Kwa sasa zimepita wiki sita kwa hiyo imeshaisha, lakini woga alioupata siku za kwanza huenda bado anao. Nyuzi za nazi, ulichukua hata kiganja kimoja cha zile za zamani?

#24 Kimya_Kimya
Hapana. Nilitupa zote, nikaosha na bakuli kwa sabuni. Nilitaka aanze upya kwenye usafi.

#25 Seremala_Mpole
Basi ulimfutia ramani yake yote siku moja. Pango la zamani lihamie naye lilivyo, bila kuoshwa. Matandiko ya zamani kiganja kimoja au viwili yachanganywe na mapya, yakiwa hayana utitiri wala kuvu.

#26 Panya_wa_Friza
Suluhisho rahisi: siku ya chakula mrudishe kwenye boksi la zamani, mlishe humo, akimaliza mrudishe kizimbani. Hatachanganya mkono wako na chakula pia.

#27 Gamba_kwa_Gamba
Usifanye hivyo. Hiyo habari ya kwamba nyoka akilishwa kwake anakuwa mkali imezunguka sana na haina msingi. Kumbeba nyoka aliyetoka kumeza ndiyo njia ya haraka ya kumfanya acheue. Baada ya kula saa 48 asiguswe.

#28 Dada_Ukame
Naunga mkono #27 kwa machungu. Nilimhamisha wangu kizimba kikubwa jioni ile ile aliyokula, nikidhani akiwa ameshiba atatulia. Saa tisa usiku nikasikia harufu. Panya mzima nje, nusu ameyeyuka. Asidi ile inaunguza koo. Nilimsubiri siku 14 bila kumpa kitu, kisha nikaanza na panya mdogo nusu ya kawaida, na bado ilichukua miezi miwili kuliamini tena tumbo lake. Mpaka leo nikihamisha nyoka nahesabu: amekula lini, amejivua lini, ndipo nashika boksi.

Na unyevu je? Tumesema joto, joto, joto. Kizimba kikubwa chenye matundu mengi kinakauka. Asilimia 60 hadi 80 ndiyo yao. Akipumua mdomo wazi au ukiona mapovu puani, hapo hakuna ushauri wa uzi, ni daktari siku hiyo hiyo.

#29 Mtoto_wa_Mganda
Mimi nilielezwa na muuzaji kwamba nyoka anakua kulingana na boksi, ukimpa dogo anabaki mdogo. Kama ni hivyo kwa nini mnajihangaisha na vizimba vikubwa?

#30 Mkunga_wa_Mayai
Ulidanganywa, ndugu. Kinachomkuza ni chakula, joto na damu ya wazazi wake. Boksi dogo halimzuii kukua, linamfinya tu akiwa ameshakua. Na ujue umebeba nini: chatu huyu akitunzwa anapita miaka 20 au 30. Wa bustani ya wanyama ya Philadelphia alifika 47. Hiyo ni ndoa.

#31 Kimya_Kimya
Wakuu, ripoti baada ya wiki mbili. Nimeweka kipasha joto cha juu chenye nguvu kikiwa na thamostati (kidhibiti joto), kihisi chake kipo pale pale anapolala. Sakafuni sasa ni 32, upande wa baridi 25. Nimeongeza pango la pili upande wa moto, jembamba, anaingia kwa kujibana. Nimejaza majani makavu na majani ya plastiki katikati. Pembeni mwa vioo nimebandika karatasi nyeusi. Sijamshika hata mara moja.

Sasa hasugui kioo tena. Mchana analala pango la moto, usiku nimemkuta tawini mara mbili. Panya amemkataa tena, lakini safari hii alimfuata hadi karibu, ulimi ukafanya kazi, ndipo akaondoka. Uzito 1,188.

#32 Fundi_Joto
Kufuata panya ni habari kubwa. Tumbo limeshapata joto, akili inafuata.

#33 Mlezi_wa_Sita
Angalia alikolala: upande wa moto, mara tu alipopata pango huko. Zamani alilazimika kuchagua kati ya kujificha na kuota joto, akachagua kujificha. Kwangu kosa lilikuwa pango moja. Hata hizo nyuzi 27 asingezifuata hadharani.

#34 Babu_Kobe
Nasoma "jembamba, anaingia kwa kujibana". Nani alisema hivyo tangu #3?

#35 Mlezi_wa_Sita
Ulisema, Babu, nakupa haki yako. Lakini pango hilo liko ndani ya kizimba kikubwa, na usiku yuko juu ya tawi. Boksini angepanda nini?

#36 Panya_wa_Friza
Panya unampasha hadi joto gani? Chatu ana vishimo vya kuhisi joto kwenye midomo. Ukimpa panya aliyeyeyuka tu bila kupashwa, gizani haoni kitu. Mloweshe maji ya moto ndani ya mfuko, mwili ufike kama 38, mkaushe, mshike kwa koleo ndefu, mtikise kidogo mlangoni mwa pango.

#37 Kimya_Kimya
Huwa nampasha mpaka nione si wa baridi mkononi. Nitapima safari hii. Pia nitajaribu usiku wa manane, zamani nilikuwa nampa saa moja jioni taa zikiwaka.

#38 Dada_Ukame
Badilisha kitu kimoja kimoja, la sivyo akila hutajua kilichomlisha.

#39 Kimya_Kimya
AMEKULA. Usiku wa kuamkia leo, saa saba, panya mwenye joto la 38, mlangoni mwa pango la moto. Alimvuta ndani kwa kishindo, nikarudi nyuma nikakaa sakafuni gizani kama dakika ishirini nikisikiliza majani yanavyochakarika. Sijui kwa nini machozi yalinitoka. Dada samahani, nilibadilisha joto la panya na saa kwa pamoja, sikuweza kungoja.

#40 Gamba_kwa_Gamba
Hongera sana. Usimguse siku mbili. Panya ajaye baada ya siku 14, kwa umri wake kila wiki ilikuwa nyingi mno. Huenda hata kushiba kupita kiasi kulichangia, hatukuligusa hilo.

#41 Fundi_Joto
Hongera. Joto, wakuu.

#42 Mkunga_wa_Mayai
Hongera. Ni msimu umekwisha. Wangu wawili nao wamekula wiki hii hii na sijawagusia chochote.

#43 Seremala_Mpole
Au ameshajaza kizimba harufu yake mwenyewe. Wiki nane ndizo alizohitaji.

#44 Babu_Kobe
Nimefurahi kwa moyo wote, kijana. Nawauliza wenzangu: pango jembamba kama hilo, mnalitengeneza kwa kutumia kitu gani? Nina kizimba cha 120 kimekaa stoo muda mrefu, nimekishusha asubuhi nikifute vumbi. Sijaamua kitu.

#45 Mlezi_wa_Sita
Babu, pindua chungu cha udongo, kata mlango upana wa mwili wake aliyejiviringa, kingo usugue kwa msasa zisimkwaruze. Fanya viwili vinavyofanana, kimoja kila upande. Na kimoja mwekee sasa hivi humo humo kwenye boksi, akizoee, ndipo kihame naye bila kuoshwa.

#46 Babu_Kobe
Alikula juzi. Ngoja nihesabu siku kwanza.